Mti wa Kwanza wa Safu: Hotuba kwa Wakataji na Wenye Mashamba ya Mitiki, Muheza

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama wenye mashamba, vijana wa msumeno, madereva wa trekta na wapakiaji, habari za asubuhi.

Leo tunazungumzia kuangusha miti mingi kwa chensoo. Mwembe mmoja wa uani ni kazi nyingine kabisa. Mwenye kuangusha mwembe wa uani anaamua mara moja tu uangukie wapi, akimaliza kamaliza. Anayeingia kwenye hekta nzima ya mitiki anaamua mamia ya mara, na kila mti ukilala unaufungulia au unaufungia njia ule unaofuata. Mti ukilazwa vibaya saa mbili asubuhi, ikifika saa sita matawi yameziba njia, gogo limepanda juu ya gogo, trekta halipiti, na mkataji yuko juu ya rundo linalotikisika huku mashine inanguruma mkononi. Hapo ndipo watu wanapoumia, na hapo ndipo gogo la bei linapopasuka. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye mpangilio, maana kasi inatoka hapo. Mkono wenye nguvu hausaidii kitu kama safu imevurugika.

Tuanze na shamba lenyewe. Mitiki iliyopandwa kwa mita 2.5 kwa 2.5 ilianza ikiwa miti 1,600 kwa hekta. Ya mita 3 kwa 3 ilianza 1,111. Hesabu hiyo ni ya miche, kwa nia kwamba baadaye ipunguzwe. Wengi hapa Muheza hatukupunguza. Tuliona huruma kukata mti ambao haujapata bei, tukaacha yote isongamane. Matokeo yake mashina ni membamba na vilele vimeshikana kama mikono ya watu kwenye ngoma. Shamba la namna hiyo ndilo gumu kuliko yote kulikata, kwa sababu mti ukikatwa chini unabaki umeshikiliwa juu. Mwenye shamba ajue hili mapema: mkataji akikuomba siku ya ziada kwa shamba lisilopunguzwa, hakuibii.

Sasa upepo. Hapa pwani yetu tunaujua. Kusi linavuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, kaskazi inashika kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Machi. Wakati wa kusi, anzia upande wa kaskazini wa shamba. Fungua ukanda wa kwanza huko, kisha rudi nyuma kuelekea kusini huku kila mti ukiuangusha kaskazini, kwenye uwazi uliokwisha kuufungua. Upepo unakuwa msaidizi wako. Wakati wa kaskazi, geuza. Ukianza katikati ya shamba kwa sababu tu ndipo gari lilipokushusha, umejitengenezea shimo lililozungukwa na miti pande zote, na kila mti utakaouangusha utaegemea mwenzake.

Mti wa kwanza wa safu ndio unaostahili muda mrefu kuliko yote. Ukiwa umelala sawa, wa pili unalala kando yake, wa tatu kando ya wa pili, kama miyaa ya mkeka. Shina lielekee njia ya trekta kwa mshazari, ili gogo livutwe kwa kitako bila kugeuzwa. Penye mteremko, laza miti kukingama na mteremko, na kamwe watu wawili wasifanye kazi mmoja akiwa juu ya mwenzake kwenye mstari uleule, kwa kuwa gogo lililobingirika halina breki. Umbali kati ya mkataji na mtu mwingine yeyote uwe urefu wa mti mara mbili. Mtiki wa mita 20 unataka mita 40 tupu. Wapima, wabeba mafuta na watoto waliokuja kuokota kuni wote wako ndani ya hesabu hiyo.

Jambo jingine la asubuhi ni kutazama juu. Kiangazi mtiki unapukutisha majani, na hiyo ni nafasi nzuri ya kuona tawi lililokufa linaloning'inia. Tawi kavu la unene wa mkono likianguka kutoka mita 15 linaua mtu aliyevaa kofia ngumu na asiyevaa. Lakini majani hayohayo yakishakauka chini ni kiberiti. Bomba la moshi la msumeno likiwekwa juu yake mashine ikiwa ya moto, shamba linawaka. Mashine iwekwe kwenye udongo mtupu au juu ya kisiki, na mafuta yajazwe mita 3 au zaidi kutoka mahali utakapoiwashia.

Tuje kwenye msumeno.

Petroli na oili ya injini za mipigo miwili vinachanganywa kwa kipimo. Oili nzuri inakwenda 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita moja, mililita 100 kwa dumu la lita 5. Msikadirie kwa kifuniko cha chupa. Nunueni bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, ni bei ndogo sana: bomba moja, lita moja. Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda na injini inakamata, na hiyo haitengenezeki kwa bei ya kibarua. Oili ikizidi, plagi inajaa masizi, moshi unakuwa mzito na msumeno unazimika ukiwa katikati ya mti. Mchanganyiko ukipita mwezi, usiuweke tena kwenye mashine.

Mafuta ya cheni ni suala jingine, na hapa tunasema kwa uchungu. Wengi wanatumia oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Oili ile ina chembe za chuma, inakula pampu, inakula upanga, yaani ile bamba ndefu inayobeba cheni. Na inarushwa yote ardhini, maana mafuta ya cheni hayarudi kwenye tangi. Maji ya milima yetu yanaingia mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Ukimwaga lita kadhaa kwa siku, mara misumeno kumi, mara miezi mitatu, hesabu nani anakunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni mita hizo kwa kamba, mkaweke alama kwa chokaa kabla ya siku ya kukata, si siku ileile.

Kujua kama mafuta ya cheni yanafika ni rahisi. Elekeza ncha ya upanga kwenye kisiki cheupe, karibu bila kugusa, ongeza kasi ya injini. Mstari wa mafuta ukijichora kwenye kisiki, sawa. Usipojichora, tundu la mafuta limeziba kwa unga wa mbao. Toa upanga, safisha mfereji wake kwa kijiti chembamba, kisha urudishe ukiwa umegeuzwa juu chini ili ulike sawa pande zote.

Cheni yenyewe inataka maelezo marefu kidogo. Meno yake yamepangwa moja kushoto, moja kulia. Umbo hili alilibuni Joseph Cox huko Marekani katika miaka ya 1940, baada ya kumtazama funza wa mdudu anayekula mbao akitafuna kushoto na kulia badala ya kukwangua moja kwa moja. Tunalitaja kwa sababu linaeleza kosa mnaloliona kila siku: msumeno unakata kwa kupinda. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, funza wako anatafuna upande mmoja tu, na mkato unakwenda mrama. Ukinoa jino la kushoto mara tatu, la kulia nalo linolewe mara tatu. Tafuta jino fupi kuliko yote, ndilo liwe kipimo, mengine yote yashuke hadi kwake.

Tupa nayo ina saizi yake. Cheni ya inchi 0.325 inataka tupa ya milimita 4.8. Cheni ya 3/8 inataka 5.2 au 5.5, tazama karatasi ya mashine yako. Pembe ya kunolea iwe digrii 30 kwa cheni nyingi, tupa isukumwe kwenda mbele tu, usiirudishe ikiwa inakwaruza. Kisha kuna kile kinundu kilicho mbele ya kila jino, ambacho wengi hawakigusi mpaka cheni inakwisha. Kinundu kinaamua jino liume kina gani. Kikae chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Kikiwa juu mno, jino kali halikati chochote. Mtu akikishusha mno kwa tamaa, msumeno unaruka na kuvuta mkono.

Mbao ya mtiki ina chembe za silika ndani yake, kitu kilekile cha mchanga. Ndiyo maana cheni inaisha makali upesi kuliko kwenye msindano. Kanuni tunayoipendekeza ni kunoa kila unapojaza mafuta, piga tupa mbili au tatu kila jino, basi. Dakika chache. Ishara iko kwenye unachokitema: msumeno mkali unatema vipande, msumeno butu unatema unga. Ukiona unga na bado unausukuma mti kwa kifua, simama.

Mavazi tutayapitia haraka kwa sababu mnayajua, ila hamvai. Kofia ngumu, kinga ya uso, vizibo vya masikio, gambuti lenye chuma vidoleni, na suruali ya kukatia miti ambayo ndani ina nyuzi za kuisonga cheni isimame kabla haijafika mfupani. Joto la Muheza ni kali, tunakubali. Basi mwenye kazi alete maji ya kutosha na kazi ianze alfajiri. Mwenye kumpa kijana msumeno kisha akamwacha avae kandambili asijiite mwajiri.

Sasa mti wenyewe. Chukueni mtiki wenye kipenyo cha sentimita 40 kwenye kitako.

Kabla ya kuwasha, fyeka kuzunguka shina na fungua njia mbili za kukimbilia, kushoto na kulia, zote zikienda nyuma kwa mshazari wa digrii 45. Nyuma moja kwa moja usikimbilie, kwa kuwa shina huweza kuteleza juu ya kisiki na kurudi kama mchi.

Mbele, upande unaotaka uangukie, kata mdomo. Anza na mkato wa juu, ule wa mshazari, halafu wa chini ukiutazama wa juu kupitia ufa wake, ili ikutane sawasawa. Kina cha mdomo kiwe sehemu moja ya tano hadi moja ya nne ya kipenyo: kwa mti wetu, sentimita 8 hadi 10. Upana wa mdomo mlizoea digrii 45, lakini mdomo mwembamba unafunga mti ukiwa bado juu, bawaba, yaani ukanda wa mbao unaoachwa ushike mti, inakatika, na kuanzia hapo mti unajiendea wenyewe. Fungueni digrii 70. Mti utashikwa hadi ukaribie ardhi. Mkato wa chini ukipita hata sentimita 2 zaidi ya pale ulipokutana na wa juu, umeharibu bawaba, na hilo ndilo kosa tunaloliona kwenye visiki vingi kuliko yote. Visiki vinasema ukweli. Ukitaka kumjua mkataji, kasome visiki vyake.

Bawaba ni ule ukanda wa mbao usiokatwa kati ya mdomo na mkato wa nyuma. Unafanya kazi ileile ya bawaba ya mlango: unaruhusu kwenda upande mmoja tu. Unene wake uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, sentimita 4 kwa mti wetu, na uwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiwa mnene upande mmoja, mti unavutwa kwenda huko. Mkato wa nyuma uwe juu ya sakafu ya mdomo kwa sentimita 2 hadi 5. Upanga ukishazama vya kutosha, piga kabari nyuma yake. Kabari ya plastiki au ya mti mgumu. Ya chuma inavunja meno ya cheni. Kabari inazuia mti kukalia upanga, na ndiyo inayousukuma mti, si mwili wako. Bawaba ikifika sentimita 4, toa msumeno, maliza kwa nyundo na kabari. Mti ukianza kwenda, ondoka kwa njia yako mita 5 au zaidi, huku macho yako juu.

Mti ulioinama mbele sana unataka njia nyingine. Ukiukata nyuma kwa kawaida, uzito unaupasua shina kwenda juu kabla mkato haujafika, kipande cha nyuma kinaruka usawa wa kichwa, na gogo la kwanza, lenye bei kuliko yote, limekufa. Hapa unakata mdomo, kisha unatoboa shina kutoka ubavuni nyuma ya bawaba, unaitengeneza bawaba kamili, unaacha kipande cha nyuma kama mkanda. Mwisho unaukata mkanda huo kutoka nyuma ukiwa umesimama pembeni. Kutoboa kunaanzia sehemu ya chini ya ncha ya upanga. Ukigusisha robo ya juu ya ncha, msumeno unapiga teke, unarudi usoni upesi kuliko mkono unavyoweza kuzuia. Breki ya cheni ijaribiwe kila asubuhi, na asiyefundishwa kutoboa asijifunzie kwenye mti ulioinama.

Mti uliokwama ndio tulioukusudia hasa leo. Umekatwa, haukuanguka, umelala kwenye mabega ya mwenzake. Vijana wanafanya mambo matatu, na yote matatu yanaua. La kwanza, kuukata mti unaoushikilia. La pili, kuangusha mti wa tatu juu yake ili uusukume. La tatu, kukata kitako vipande vipande, kila kipande mti unashuka wima karibu na miguu. Njia salama ni ya pole: tazama kama bawaba bado inashika, kata kilichobaki huku ukiacha kona moja, ugeuze shina kwa mtaimbo au nguzo na kamba hadi lijivingirishe litoke. Likikataa, trekta livute kitako kwa kamba ndefu kuliko mti. Trekta likiwa mbali, funga utepe eneo lote, mtu asipite chini yake hata kwa sekunde moja, mwende safu nyingine. Mti uliokwama usilale usiku bila alama.

Baada ya kuanguka, kupogoa. Simama kushoto kwa gogo, gogo liwe kati ya mguu wako na upanga. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Ukikata magogo, angalia limeegemea wapi. Lililoshikwa ncha mbili limebanwa juu: kata theluthi ya juu kwanza, malizia chini. Lililoning'inia ncha moja limebanwa chini: anza chini. Ukikosea, upanga unabanwa au gogo linachanika. Ongeza sentimita 5 hadi 10 kwenye kila urefu, kwa sababu ncha za mtiki hupasuka zikikauka, na mnunuzi anapima palipo pazima.

Kisiki kiwe chini kadiri unavyoweza, uso wake laini, wenye mwinamo mdogo maji yasituame. Mtiki unachipua. Kisiki kizuri kitakupa machipukizi, nawe utaacha moja au mawili yaliyonyooka, na shamba limejipanda upya bila miche.

Kwa walio na minazi mizee au iliyokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, neno fupi. Mnazi hauna moyo mgumu kama mtiki. Ugumu wake uko nje, ndani ni laini yenye nyuzi. Bawaba yake haiaminiki, nyuzi zake zinanoa cheni kinyume. Fungeni kamba juu kabla ya kukata, na ondoeni madafu na makuti kwanza.

Kuhusu malipo, wenye mashamba tusikilizane. Kumlipa mtu kwa idadi ya miti iliyoangushwa ni kumlipa akimbie. Ataacha uliokwama, ataacha visiki virefu, hatanoa. Mlipeni kwa mita za ujazo zilizopangwa kando ya njia zikiwa nzima. Mtaona safu zinavyonyooka. Na kabla ya msumeno kuwaka, pitieni kwa afisa misitu kuhusu kibali, kwa maana gogo lisilo na hati ya kusafirishia halina pa kwenda.

La mwisho ni gari. Kila siku ya kukata, gari moja lisimame limeelekea barabarani, ufunguo uko mahali panapojulikana na wote, ndani kuna vitambaa safi na bandeji pana. Jeraha la cheni halifungwi kwa uzi: kandamiza kwa nguvu zote, usiachie, mkielekea hospitali ya Teule hapa Muheza au ya Bombo, Tanga. Awepo mmoja mwenye filimbi ambaye hakati.

Misumeno miwili iko kwenye gogo pale chini ya mwembe, pamoja na tupa za 4.8 na 5.2. Kila mwenye cheni aje nayo, tuhesabu meno ya kushoto na ya kulia, kisha twende kwenye mti wa kwanza.